Pawa saplai ya kompyuta ndogo: tazama kichwa cha waya kabla ya wati

Kompyuta za mezani zinazouzwa sana Kariakoo na Luthuli Avenue ni zile kasha nyembamba zilizotoka maofisini Ulaya na Marekani: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, na anayenunua moja leo anaweza kuitumia miaka mingi. Shida huanza siku pawa saplai, yaani kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa kutumiwa na kompyuta, inapokufa. Mwenye mashine anakwenda dukani, anapewa boksi lililoandikwa 500W, anarudi nyumbani na kukuta haliingii kwenye kasha. Hata likilazwa mezani nje ya kasha, kichwa chake cha pini 24 hakina pa kuchomekwa. Pesa imekwenda na mashine bado imelala.

Hasara hiyo inaepukika kwa kufuata mpangilio. Hakikisha kwanza kwamba pawa saplai ndiyo mbovu. Kisha tafuta inayolingana kichwa cha waya, umbo, halafu ampea za volti 12, kwa mfuatano huohuo. Wati zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi zinakuja mwisho.

Je, ni yenyewe kweli?

Anza ukutani. Chomeka taa au chaja unayojua ni nzima kwenye soketi ileile. Badilisha kebo ya umeme. Plagi zetu za miguu mitatu bapa zina fyuzi ndani. Ifungue uitazame, na ikiwa imekatika weka ya ampea 3 au 5. Kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ni hatari ya moto, na ajabu ni kwamba bado tunavikuta kwenye plagi za watu.

Kwenye Dell nyingi za aina hii, nyuma kabisa, karibu na pale kebo inapoingia, kuna kitufe kidogo na kitaa pembeni yake. Wengi hudhani ni pambo, lakini ni kipimo ambacho pawa saplai imejengewa. Kompyuta ikiwa imezimwa na kebo imechomekwa, bonyeza kitufe hicho ukishikilie. Kitaa kikiwaka kijani, pawa saplai inatoa umeme, na tatizo litafutwe kwenye RAM (kumbukumbu), mazabodi (bodi kuu) au kitufe cha kuwashia. Kisipowaka, usiihukumu bado. Chomoa kebo ya ukutani, toa vichwa vyote vinavyokwenda kwenye mazabodi, rudisha kebo na ubonyeze tena. Kikiwaka safari hii, ujue kuna kitu ndani ya mashine kinachopiga shoti na pawa saplai ilikuwa inajilinda. Kikikataa ingawa iko peke yake, imekufa.

HP za miaka ya Compaq Elite husema kwa taa ya mbele: ikimetameta nyekundu mara nne, ikatulia, ikarudia, huku mashine ikilia mara nne, inalalamikia umeme. Hapo chomoa diski, DVD na kadi yoyote ya ziada, uwashe tena ikiwa tupu. Ikinyamaza na kuwaka, rudisha kimoja kimoja hadi umpate mkosaji.

Kwa pawa saplai ya kawaida yenye kichwa cha pini 24, multimita (mita ya kupimia umeme) inatosha. Kebo ikiwa ukutani na mashine imezimwa, weka ncha nyeusi ya mita kwenye waya mweusi na nyekundu kwenye waya wa zambarau. Huo ni umeme wa kusubiri, ule unaokaa hai muda wote ili kitufe cha mbele kifanye kazi, na unatakiwa usome kati ya 4.75 na 5.25. Ukisoma sifuri, pawa saplai imefia mlangoni na huna haja ya kuendelea. Ukiwepo, chomoa kichwa kwenye mazabodi, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande kifupi cha waya, na feni inapaswa kuzunguka. Pima njano: 11.4 hadi 12.6. Nyekundu: 4.75 hadi 5.25. Chungwa: 3.14 hadi 3.46. Kijivu huinuka hadi karibu volti 5 baada ya sehemu ya sekunde, ikiiambia mazabodi kwamba umeme umetulia na inaweza kuanza kazi.

Lakini feni kuzunguka haithibitishi uzima. Pawa saplai inayochoka husoma vizuri ikiwa haina mzigo, kisha ikaporomoka ikipewa kazi. Kwa hiyo kipimo kinachoaminika ni kile cha mashine inapofanya kazi, ncha za mita zikiingizwa kwa nyuma ya kichwa kilichochomekwa. Jaribio la waya wa kijani ni la kichwa cha pini 24 peke yake. Usilijaribu kwenye vichwa maalumu vya Dell, HP na Lenovo kwa kufuata rangi tu, maana watengenezaji hao wana mipangilio yao.

Dalili tatu zinaelekeza kwenye pawa saplai kuliko kwingine. Ya kwanza ni mashine kuzima ghafla au kujiwasha upya pale kazi inapokuwa nzito, bila ujumbe wowote kwenye skrini. Ya pili ni feni kushtuka nusu mzunguko na kutulia. Hiyo ni kinga inayokata, na mara nyingi haitaondoka mpaka uchomoe kebo na kusubiri nusu dakika. Ya tatu ni mashine kugoma asubuhi na kuwaka baada ya kubonyezwa mara kadhaa, kisha kushinda siku nzima bila tatizo. Hapo ndani kuna kapasita zilizokauka: zikiwa za baridi haziwezi kuzuia umeme kuyumba, zikipata joto kidogo zinajikongoja. Mashine ya namna hiyo haijapona, na siku moja haitawaka kabisa.

Vichwa vinavyofanana na visivyo ndugu

Sehemu hii ndiyo inayoua mazabodi, kwa hiyo tukae nayo.

OptiPlex 790, 990 na 7010 za kasha nyembamba zina pawa saplai ya wati 240 yenye kichwa cha kawaida cha pini 24. Zilizofuata, yaani 3020, 7020 na 9020, zina wati 255 na kichwa cha pini 8 pamoja na kile cha pini 4 cha prosesa. Hapa mazabodi hupokea volti 12 na kujitengenezea yenyewe 5 na 3.3, na ndiyo maana waya za diski hutoka kwenye mazabodi badala ya kutoka kwenye pawa saplai. ThinkCentre M83 na M93p zina pini 14, na za baadaye kama M710s zina pini 10. EliteDesk 800 G1 ya kasha nyembamba ina vichwa vya pini 6.

Sasa tazama hicho cha HP kwa karibu. Ni cheusi, safu mbili za pini tatu, na kimefanana mno na kile cha pini 6 kinacholisha kadi ya picha kwenye pawa saplai za kawaida. Mtu anaona kinaingia, anasukuma, anawasha. Ndani yake, pale kadi ya picha inapotarajia waya za volti 12 na waya nyeusi tu, mazabodi ya HP inatarajia pia waya wa kuamrisha kuwaka, waya wa taarifa na umeme wa kusubiri. Volti 12 nzito ikiingia kwenye mguu wa taarifa, mazabodi inakufa papo hapo bila moshi wala kelele. Ni vilevile kwa pini 8 za Dell: kwa macho ni sawa na pini 8 za prosesa na pini 8 za kadi ya picha. Kuna vichwa vitatu vya pini 8 vyenye sura moja, na hata hivyo viwili vya kawaida, cha prosesa na cha kadi ya picha, vina njano na nyeusi pande zilizopishana. Kuingia kwa kichwa hakuna maana kwamba ni chake.

Vivyo hivyo kwa pawa saplai zenye waya za kuchomoa. Upande wa diski umesanifishwa sawa kwa wote. Upande unaoingia kwenye pawa saplai haukusanifishwa, na kila mtengenezaji anaupanga anavyotaka, wakati mwingine tofauti kati ya matoleo yake mwenyewe. Ukichukua waya wa pawa saplai moja ukauweka kwenye nyingine, diski inayotarajia volti 5 inaweza kupokea 12. Diski na kazi za watu zilizomo huondoka pamoja.

Adapta za kugeuza pini 24 kuwa 8, 14, 10 au 6 zipo na baadhi hufanya kazi. Nunua ile iliyotajwa kwa jina la modeli yako, na tazama kama ina kibao kidogo cha saketi katikati ya waya. Mashine kadhaa zinataka umeme wa kusubiri wa volti 12, na pawa saplai ya kawaida inatoa 5. Kibao hicho ndicho kinachoupandisha. Adapta ya waya mitupu kwenye mashine ya namna hiyo itakuacha na kompyuta isiyowaka, au inayowaka na kukataa kulala.

Umbo

Pima kwa rula kabla ya kutoka nyumbani. ATX, ile kubwa ya dukani, ni milimita 150 kwa 86 na urefu 140 au zaidi. SFX ni 125 kwa 63.5 kwa 100. TFX ni ndefu na nyembamba: 85 kwa 65 kwa 175, na hukutwa kwenye kasha nyembamba za watengenezaji wengi. Flex ATX ni 81.5 kwa 40.5 kwa 150. Za Dell, HP na Lenovo mara nyingi hazilingani na yoyote kati ya hizi. Matundu ya skrubu, pale kebo inapoingia, hata upande ambao feni inatazama, vyote ni vya kwao. Feni ikitazama ukuta wa chuma badala ya matundu ya hewa, pawa saplai mpya itaiva kama ile ya kwanza.

Kusoma lebo

Sasa wati. Chukua mashine yenye Core i5-4590. Prosesa ni wati 84. Mazabodi na feni tuziwekee 30, RAM mbili 6, SSD (diski isiyozunguka) 3, diski ya kuzunguka 8. Jumla 131. Pawa saplai ya 255 inacheka. Ongeza kadi ya GT 1030, wati 30, unafika 161. Ongeza badala yake GTX 1650 ya wati 75 na unafika 206, ambayo ni asilimia 81 ya 255. Inawezekana, ila hapo umebakiwa na nafasi ndogo, na diski ya kuzunguka inapoanza hunyonya karibu ampea 2 za volti 12 kwa sekunde chache. Kwenye pawa saplai ya 180 kadi hiyo isahau. Angalia pia kitabu cha mtengenezaji: kasha nyembamba nyingi zimewekewa kikomo cha kadi kilicho chini ya wati 75 za kawaida.

Kisha geuza pawa saplai unayotaka kununua, usome jedwali la lebo. Tafuta safu ya +12V. Tuseme boksi linasema 500W na safu hiyo inasema 14A. Zidisha: 14 mara 12 ni 168. Hizo wati 168 ndizo prosesa na kadi yako vitakazopata. Nyingine zimejazwa kwenye volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta za leo hazizitumii kwa wingi, au zimeandikwa tu. Pawa saplai ya asili ya wati 255 ni bora kuliko hiyo kwa kila kipimo. Lebo isiyo na jedwali la ampea usiinunue, na ile iliyo nyepesi kama boksi tupu irudishe kabatini. Alama ya 80 PLUS inaeleza matumizi bora ya umeme, kwa mfano asilimia 85 kwa Bronze na 90 kwa Gold kwenye nusu ya mzigo. Ni vizuri kuwa nayo, lakini haikuhakikishii kwamba ampea zinatosha.

Kwa kasha nyembamba, ushauri wangu ni kununua pawa saplai ileile, hata iliyotumika, iliyotolewa kwenye mashine ya aina yako. Nakili namba ya lebo: Dell huandika DP/N, Lenovo huandika FRU, HP huandika namba ya spea. Usishangae modeli zikitofautiana herufi ya kwanza. L255AS-00 na H255AS-00 ni za watengenezaji wawili tofauti kwa Dell ileile. Ukiwa dukani itikise: kitu kinachocheza ndani ni sababu ya kuirudisha. Inuse, isiwe na harufu ya kuungua. Mulika tochi kwenye matundu, uangalie vichwa vya kapasita: viwe bapa, visiwe vimefura wala kutoa ute wa kahawia. Omba iwashwe kwenye mashine kwa angalau robo saa.

Tahadhari moja kwa mizigo ya Marekani. Baadhi ya pawa saplai zina swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Marekani hutumia volti 120, sisi Tanzania 230 na Kenya 240. Ikiwa swichi iko 115, pawa saplai huuzidisha umeme mara mbili ndani. Ukiichomeka hapa, kapasita zilizojengwa kwa volti 200 kila moja hupokea zaidi ya 300. Mlio wake unafanana na baruti. Isogeze swichi kabla ya kuchomeka chochote. Lebo ikisema 100-240V, hakuna swichi na hakuna wasiwasi. Ikisema 115V peke yake, iache.

Kubadilisha

Utahitaji bisibisi ya nyota ya PH2, na kwa HP yenye skrubu za Torx bisibisi ya T15, ingawa nyingi pia zina mfereji wa bisibisi bapa. Zima, chomoa kebo, bonyeza kitufe cha mbele kwa sekunde 15. Kitaa kwenye mazabodi kikizimika, chaji iliyobaki imekwisha upande huo. Ndani ya pawa saplai yenyewe mambo ni tofauti: kapasita kubwa hubeba volti 300 hadi 400 na huweza kuzishikilia muda baada ya kuchomolewa. Usiifungue. Fundi wa redio anayejua kuiondoa chaji hiyo anaweza, mwingine asijaribu.

Piga picha kabla ya kugusa waya wowote. Kwenye OptiPlex ya kasha nyembamba, toa kwanza kisanduku cha diski na DVD, kisha feni, ndipo utauona mkondo wa waya. Fungua klipu za pembeni, chomoa kichwa kikuu na kile cha pini 4. Shika kichwa chenyewe na ubonyeze ulimi wake. Ukivuta waya, pini inabaki kwenye mazabodi na kazi inakuwa nyingine kabisa. Kichwa cha pini 4 huwa kimejificha karibu na prosesa na kimebana kwa miaka kumi, kwa hiyo kiyumbishe taratibu mbele na nyuma. Toa skrubu za nyuma, sukuma ulimi wa buluu ulio pembeni ya pawa saplai, itelezeshe kuelekea mbele, kisha inua. Anayejaribu kuinua moja kwa moja hupinda bati la kasha.

Kabla ya kufunga mpya, puliza vumbi. Shikilia feni kwa kidole unapopuliza, isizunguke ovyo ikaharibu beringi. Pwani utakuta vumbi limeshikana na unyevu wa chumvi, hapo tumia brashi kavu. Mende na mijusi pia hupenda joto la pawa saplai, na mmoja akigusa pahali pawili pa umeme hupiga shoti. Ziba nafasi za nyuma zilizokosa vibati.

Rudisha kwa kinyume. Kichwa cha pini 4 ndicho kinachosahaulika: feni zinazunguka, skrini nyeusi, na watu wanalaumu pawa saplai mpya. Hakikisha hakuna waya unaogusa feni. Skrubu zitumie zilezile za zamani. Usichukue za diski, uzi wa baadhi yake ni tofauti na utaharibu tundu.

Washa kwanza ukiwa na RAM moja na bila diski. Ukiona skrini ya BIOS (ile ya mwanzo, kabla ya Windows), zima, rudisha vyote. Kisha ipe kazi: programu ya kuelemeza prosesa kwa nusu saa, mita ikiwa kwenye njano na nyeusi ya kichwa cha pini 4. Volti isishuke chini ya 11.4. Ikikaa 11.9 au 12 bila kuyumba, funga kasha.

Umeme wenyewe

Pawa saplai nyingi hufa umeme unaporudi. Kila jokofu na pampu mtaani huanza kwa mkupuo, na volti huruka juu na chini kwa sekunde kadhaa. Umeme ukikatika, zima soketi ukutani na usubiri dakika tano baada ya kurudi. Kilinzi chenye kuchelewesha umeme, kama vile vya jokofu, hufanya hivyo chenyewe. Ethi (waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini) iwe kweli ipo. Mwili wa kasha ukikupiga ganzi ukiugusa, haipo.

Wenye UPS (kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika) au inveta ya sola waangalie aina ya wimbi la umeme inaotoa. Pawa saplai za kisasa zenye urekebishaji hai wa umeme (Active PFC), baadhi yake hazielewani na wimbi la ngazi linalotolewa na inveta za bei rahisi: mashine huzima pale hasa UPS inapochukua kazi, na lawama huangukia betri. Jaribu kwa kuchomoa UPS ukutani ukiwa umehifadhi kazi zako. Ikizima kila mara ilhali betri imejaa, unahitaji inveta au UPS ya wimbi safi.

Ile iliyokufa ibakize wiki kadhaa. Lebo yake ndiyo utakayompa muuzaji siku nyingine, na skrubu na klipu zake hazipatikani dukani. Ukiamua kuitupa, kata kebo zake kwanza ili asije mtu akaiokota na kuichomeka.